Mia ya Chini ya Kitanda

Isidori alimwaga mbegu zilizooza juu ya meza ya duka langu, akazitandaza kwa kidole kama mtu anayechambua mchele, kisha akaniuliza nimezifukua kaburi gani.

Nyuma yake walisimama wakulima wapatao thelathini. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na nne, na kila mtu Mjimwema alikuwa akiangalia mawingu. Wote wale walikuwa wamelipia mahindi ya mbegu kwangu, ingawa wachache tu ndio walikuwa wamekwisha chukua mifuko yao. Isidori alikuwa amejaribu ya kwake kwenye bustani ya bondeni, akimwagilia kwa ndoo. Alipanda mashimo mengi, nusu ndiyo yaliyoota. Mengine alipoyafukua alikuta uozo ule aliouleta mezani.

Mimi na Isidori tulibeba magunia pamoja miaka kumi na miwili kwenye ghala la ushirika. Ghala lilipofungwa tulipunguzwa kazi siku moja. Yeye akarudi shambani. Mimi, mwenye darasa la nne tu, nikafungua duka la pembejeo, kwa sababu sasa serikali ilikuwa imesema kila mtu anaweza kuuza. Nilijua kubeba mbegu. Kuiuza nilijifunza. Kuitunza sikudhani kuna la kujifunza.

“Beda,” akasema, “mimi nina watoto sita. Mvua ikinyesha nikapanda uchafu huu, mwakani mwezi wa pili utawalisha wewe?”

Mtu mmoja nyuma akasema nitolewe nje. Sikumwona ni nani. Wiki mbili kabla ya hapo mwizi wa baiskeli alipigwa sokoni mpaka akafa, na waliompiga walikuwa watu wa kawaida kama hawa, wenye jembe na watoto. Nikashika meza kwa mikono miwili.

Aliyeniokoa ni bibi shamba wa kata, msichana wa Kilimanjaro aitwaye Evaline, aliyekuwa na mwaka mmoja tu Songea. Aliteremka kwenye baiskeli, akaniamkia, akamwamkia Isidori, akauliza kuna nini. Walipomweleza, alishika mbegu moja iliyooza akaibonyeza.

Alisema bustani ya Isidori ina washitakiwa wengi. Kuna maji yaliyozidi, kuna mchwa, kuna shimo lililochimbwa refu mno, na kuna mbegu yenyewe. Ukitaka kumshitaki mmoja, watoe wengine kwanza. Kwa hiyo tuioteshe mbegu peke yake, juu ya gunia lenye unyevu, ndani ya nyumba, siku saba.

“Na siku hizo saba yeye atakuwa wapi?” Isidori akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

“Atakuwa kwake. Funguo za duka atakaa nazo katibu kata.”

Tulihamia ofisi ya kata, umati mzima. Katibu kata akaagiza benchi, Evaline akaanza kutufundisha, nami nilimsikiliza kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari.

Alisema tunaanza kwa kumwamini aliyeandika lebo. Lebo ya mfuko inasema punje tisini katika mia zitaota. Hilo tunalishika kuwa kweli, kama mahakama inavyomshika mshitakiwa kuwa hana hatia, mpaka ushahidi utulazimishe kuliacha. Isidori akadakia kwamba basi ni rahisi, zikiota themanini na tisa, Beda ni mwongo. Watu wakacheka.

Evaline hakucheka. Alituma maharage yaletwe. Akapima vikombe tisa vya maharage meupe na kikombe kimoja cha mekundu, akayachanganya kwenye debe mpaka jasho likamtoka. Meupe ndiyo yanayoota, akasema, mekundu ndiyo mafu. Hapa tunajua ukweli, kila kumi ina tisa nzima. Sasa kila mtu afumbe macho, achote mia, tuone.

Watu ishirini walichota, kila mmoja akirudisha maharage yake debeni na debe likikorogwa upya. Wa kwanza alipata meupe tisini na mbili. Wa pili themanini na nane. Wa tatu tisini na moja. Wakaendelea hivyo, wakizungukazunguka tisini kama kuku wanaozunguka kinu, wengine juu kidogo, wengine chini kidogo. Walishangaa, maana wengi walidhani kila mia ingetoa tisini kamili. Kisha ikaja zamu ya Isidori. Akachota, akahesabu, akarudia kuhesabu. Themanini na tatu.

“Mnaona?” akasema. “Huyu hata maharage yake yamekufa.”

Walicheka sana. Mimi nilitazama debe. Maharage yale hayakuwa na kosa lolote. Tuliyapima wenyewe, tisa kwa moja. Lakini mkono wa Isidori uliyachota vibaya, kwa bahati tu, na kama ile ingekuwa mbegu yangu, wangenitoa nje.

Evaline aliliona hilo, akasema ndipo hapo hasa alipotaka tufike. Kuna makosa mawili ya kuogopa. La kwanza ni kuihukumu mbegu nzima kwa sababu ya bahati mbaya ya mkono. La pili ni kuiachia mbegu mbovu kwa sababu ya bahati nzuri. Ukiuweka mstari wa hukumu juu sana, Beda ataonewa. Ukiuweka chini sana, wakulima watalala njaa. Kwa mia moja tu ya punje huwezi kuyakimbia yote mawili.

Alipiga hesabu kwenye daftari lake. Akasema mstari uwe themanini na tano. Zikiota themanini na tano au zaidi, mbegu inaachwa. Zikiota themanini na nne kushuka, inakataliwa, duka linafungwa, na kila mtu anarudishiwa chake. Kwa mstari huo, mbegu nzima itaonewa kama mara nne katika mia. Na mbegu mbovu kidogo, ya themanini katika mia, itaponyoka kama mara kumi na tatu.

Niliomba hamsini. Isidori aliomba tisini na tano. Evaline alikataa yote mawili.

“Mstari unawekwa kabla ya kuona,” alisema. “Ukishaona ndipo uuweke, huo si mstari tena, hayo ni mapenzi yako.”

Akaongeza jambo moja, nami nalikumbuka kwa sababu liliniangukia baadaye. Alisema punje itahesabiwa kuwa imeota kama mzizi wake umefika urefu wa punje yenyewe. Iliyopasuka tu na kuonyesha ncha nyeupe, hiyo ni mfu. Katibu kata akaandika yote, Isidori akasaini, nami nikasaini. Kisha wakaenda dukani, wakatoboa kila mfuko uliokuwepo, mifuko thelathini na miwili, wakachota kidogo kidogo, wakachanganya, na mwanamke mmoja aliyefumba macho akahesabu mia. Evaline aliniuliza kama mifuko yote ya duka iko pale. Nikasema ndiyo, iko yote. Na kwa duka ilikuwa kweli.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, Kunegunda. Alikuwa akimenya mihogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja, bila kuinua macho.

“Na ile ya kichanjani?”

Nikakaa chini.

Mwezi wa tisa nilileta mifuko arobaini kutoka Makambako. Duka lilikuwa na panya. Nikachukua mifuko minane nikaipandisha juu ya kichanja cha jikoni, juu ya mafiga, kama mama yangu alivyotunza mahindi yake ya mbegu maisha yake yote. Moshi haupendwi na panya wala na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi. Nani wa kwetu asiyejua hilo? Lakini mama alining'iniza mahindi na maganda yake, juu kabisa, na moto wake ulikuwa wa ugali. Mimi nilipanga punje zilizopukuchuliwa, kwenye mifuko, karibu na mafiga. Na mwezi ule Kunegunda alikuwa akipika pombe ya kuuza, magogo makubwa, moto hauzimi siku tatu.

Ile minane ndiyo niliyoanza kuuza. Sita iliondoka mwezi wa kumi. Mmoja kwa Isidori. Mitatu kwa ndugu zake. Mmoja kwa mwalimu Ramson. Mmoja kwa Mzee Majaliwa wa Namasakata, huko Tunduru, aliyekuja mjini na lori la wanunuzi wa korosho. Miwili ilibaki kichanjani, pembeni, mbali kidogo na moto. Hiyo niliiweka kwa shamba langu mwenyewe.

Kwa hiyo mia iliyokuwa ofisini haikuwa na punje hata moja ya kichanjani. Ingeweza kuniokoa mimi, na isiseme neno lolote juu ya mbegu ya Isidori.

“Labda haikuungua,” Kunegunda akasema.

Labda. Kesho yake, Jumanne, nilishusha mfuko mmoja wa kichanjani. Ulinukia moshi. Nikafumba macho nikahesabu mia. Nikalowesha gunia, nikazipanga kumi kumi, nikalikunja, nikalisukuma chini ya kitanda chetu. Nikajiambia mstari ni ule ule, themanini na tano. Nilimwambia Kunegunda kwa sauti, ili nisije nikajidanganya.

Siku zile nilidhoofika. Nilikuwa nikikaa mlangoni, na mtu akipita bila kunisalimia najua ananihesabu. Akipita akanisalimia, najua anataka kuona kama bado nipo. Watoto wa jirani walinipa jina, Baba Mia. Nilipokwenda kununua chumvi, muuzaji akaniuliza kama nataka achote kwa macho ya kufumba. Nilicheka naye. Chakula kilinishinda. Kila asubuhi nilinyunyiza maji chini ya kitanda bila kufunua gunia, nikiogopa lile gunia kama mtu anavyoogopa nyoka aliyejificha ndani ya nyumba yake.

Jumatatu ilifika. Ofisi ilijaa hadi nje. Evaline alifunua gunia lake mbele ya wote, akahesabu, kisha katibu kata akahesabu, kisha Isidori. Walipata tisini na moja.

Kelele zilikuwa nyingi, lakini Evaline alinyoosha mkono wakatulia. Alisema hatujathibitisha kwamba mbegu hii ni nzima. Tunachosema ni kwamba hatukupata sababu ya kuikataa, na tunasema hivyo juu ya mbegu iliyochotwa tu. Nilimwangalia. Sijui kama alikuwa na shaka na mimi au ndivyo walivyomfundisha chuoni. Watu hawakumsikiliza. Walikwisha kusikia tisini na moja.

Isidori alinijia katikati ya umati. Akavua kofia. Akaniomba msamaha, mbele ya watu wote, akasema bustani yake ya bondeni ina maji mengi, kosa lilikuwa lake. Akasema sasa moyo umetulia. Jumatano anapanda shamba zima, yeye na ndugu zake, mvua ije isije.

Nilimpa mkono.

Jumanne, Kunegunda alipokwenda kisimani, nilifunga mlango nikavuta gunia kutoka chini ya kitanda. Nikalifunua. Kwanza nikaona mizizi mingi, nikashusha pumzi. Kisha nikaanza kuhesabu.

Zilizoota kwa mzizi kamili zilikuwa sabini na sita.

Nikahesabu tena. Sabini na sita. Lakini kulikuwa na nyingine tisa zilizopasuka, kila moja ikionyesha ncha nyeupe kama jino la mtoto. Tisa. Sabini na sita na tisa ni themanini na tano. Nilikaa sakafuni nikizitazama zile tisa. Siku moja zaidi zingerefuka. Nani amesema siku saba, si nane? Nani amesema urefu wa punje, si nusu yake? Pale ndani hakukuwa na katibu wala daftari. Kulikuwa na mimi tu, na nilikuwa huru kuziita hai.

Nikakumbuka pia mia ya Isidori, ile ya maharage. Themanini na tatu, bila kosa. Labda na mimi ni mkono tu. Lakini sabini na sita ni mbali. Katika michoto yote ishirini hakuna aliyeikaribia. Na kulikuwa na jambo moja zaidi. Mfuko huu ulikuwa wa pembeni, mbali na moto. Ile sita niliyouza ilikaa katikati, juu ya mafiga hasa. Kama wa pembeni umeshindwa, wa katikati ukoje? Nusu, kama bustani ya Isidori. Bustani yake haikuwa na maji mengi. Ilisema kweli, nami nilimwacha aitukane mbele ya watu.

Nje mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Matogoro. Nilikunja gunia, nikalirudisha chini ya kitanda, nikaenda kwa Isidori.

Walikuwa shambani, Isidori na ndugu zake watatu, wakipiga mashimo ya kupandia kesho. Wanaume wanne wenye majembe, na hakuna nyumba karibu. Nilisimama kwenye ukingo wa shamba. Nilitaka kuanza kwa habari za asubuhi na hali ya watoto, lakini nilijua nikianza hivyo nitamaliza hivyo hivyo nirudi nyumbani.

“Msipande,” nikasema. “Ile mia ya ofisini haikuwa mbegu yenu.”

Nikaeleza kichanja, moto, pombe, mifuko minane. Niliongea haraka. Mdogo wa Isidori alikuja mpaka karibu yangu nikasikia pumzi zake. Isidori alimwambia asubiri. Aliniuliza iko wapi hiyo mia. Nikasema chini ya kitanda.

Tulitembea, mimi mbele, wao nyuma, majembe mabegani. Ni mwendo wa nusu saa. Sijawahi kuhisi mgongo wangu kama siku ile. Kunegunda alikuwa amerudi. Alipotuona aliweka ndoo chini na kusimama mlangoni, kisha akatupisha.

Isidori alipiga magoti kando ya kitanda changu akahesabu. Alihesabu kama tulivyohesabu magunia ghalani, midomo ikicheza bila sauti. Akafika mwisho. Akainua moja ya zile tisa kwa ncha ya kucha.

“Na hizi?”

Ningeweza kusema lolote. Alikuwa ananiuliza mimi.

“Hizo ni mfu,” nikasema. “Tulisaini.”

Akairudisha punje mahali pake, taratibu. Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko mlango wetu na siku zote alipoingia aliinama.

“Jana nilivua kofia mbele ya watu,” akasema. “Leo jioni utaivua wewe. Pale pale ofisini. Watu wale wale.”

Nikasema nitavua.

“Na mifuko minne ya dukani tunachukua sasa hivi. Ile ya tisini na moja.”

Nikasema wachukue. Alikwishafika mlangoni alipogeuka. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa ya hasira tena.

“Ulisema mifuko sita. Yetu minne. Mwalimu Ramson mmoja. Wa sita nani?”

Nilimtajia Mzee Majaliwa wa Namasakata, naye akatazama mawingu. Kisha akasema huko Tunduru mvua imekwisha kuanza.

Jioni ile niliongea ofisini. Sitaeleza waliyoniambia. Kuna waliorudisha hata mifuko mizuri waliyoichukua Jumatatu, na siwalaumu. Evaline alibaki nyuma, akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ya kwanza. Nikamwambia kweli, kwamba niliogopa. Akaniuliza kama sasa siogopi. Nikamwambia sasa naogopa zaidi.

Alhamisi nilipanda lori la wanunuzi wa korosho lililokuwa likienda tupu Tunduru, nikiwa na mfuko mmoja wa dukani mapajani. Barabara ilikuwa tope. Tulilala njiani, tukasukuma, tukakwama tena. Watu wa lori waliniuliza nimebeba dhahabu gani isiyowekwa chini. Nilifika Namasakata Jumamosi, mchana, nikaonyeshwa nyumba.

Mzee Majaliwa alikuwa barazani, ametoka kuswali adhuhuri. Nilimpa shikamoo. Akanijua, akafurahi, akaita maji ya kunywa. Nilimuuliza kama amekwisha panda.

“Siku ya tisa leo, alhamdulillahi. Mfuko mzima. Punje moja kila shimo, mbegu ya kununua haichezewi.” Kisha akacheka kidogo. “Unajua kilichonipa imani na wewe? Nilipoufungua ulinukia moshi. Nikasema, huyu anatunza mbegu kama mama zetu. Mbegu ya mwaka jana niliyokuwa nimebakiza nikawapa kuku.”

Maji yalinipalia. Nilimweleza. Alichukua fimbo yake akaingia shambani, nami nikamfuata na mfuko begani, mvua ya manyunyu ikituangukia. Alisimama mwanzo wa mstari wa kwanza. Kutoka pale niliona kijani hapa na pale, lakini kwa macho tu huwezi kusema.

“Haya,” akasema. “Umekuja kuhesabu. Hesabu.”

Nilimwomba achague mstari yeye mwenyewe. Alifumba macho, akanyoosha fimbo. Niliinama kwenye shimo la kwanza la mstari ule. Lilikuwa na mche. La pili halina. La tatu halina. Nilipofika la kumi nilikuwa nimehesabu miche minne, na miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia. Mzee alikuwa nyuma yangu, akihesabu kwa sauti ya chini, tasbihi mkononi. Kumi haitoshi kuhukumu. Nikashusha mfuko chini, nikasogea shimo la kumi na moja.